Mawazo yasiyokuacha: dalili, chanzo chake na pa kuanzia

Mwongozo huu ni wa mtu anayeamka, anakwenda kazini, anasalimia watu na kucheka nao, lakini kichwani hana amani. Anajikuta akizunguka kwenye mawazo yale yale, na ameshachoka kuambiwa "acha kuwaza". Soma dalili inayokuhusu, nyingine ziache. Ila kama umeanza kuona ni heri usingekuwepo, au unafikiria kujidhuru, usianzie hapa. Nenda moja kwa moja kwenye sehemu ya mwisho.

Msimamo wangu niuseme mapema. Wazo linalotuumiza hurudi kwa sababu ya kile tunachokifanya kila linapokuja. Tunakwepa, tunakagua simu, tunaomba kuhakikishiwa, tunajifungia chumbani. Tunapata nafuu ya dakika chache, na nafuu hiyo ndiyo inayolifundisha wazo kurudi kesho. Kwa hiyo kwenye kila dalili nitauliza swali moja: likija, unafanya nini? Hicho unachokifanya ndicho cha kurekebisha kwanza. Kubishana na wazo lenyewe huja baadaye, na mara nyingi hakuhitajiki kabisa.

Hakikisha kwanza kwamba tatizo ni la fikra

Mwenye nyumba amekupa mpaka mwisho wa mwezi, na mfukoni hakuna kitu. Ukikesha ukiwaza kodi, huna tabia mbaya ya kufikiri, una deni. Kumwambia mtu wa namna hiyo "fikiri chanya" ni kumwonea. Nimeona watu wakiumia zaidi kwa maneno hayo, kwa sababu juu ya shida yenyewe waliongezewa hatia ya kushindwa kuichangamkia.

Kipimo ninachokitumia ni hiki. Andika kinachokusumbua kwa sentensi moja, kisha jiulize kama mtu mwingine angeweza kukiona kwa macho au kukihesabu. "Nadaiwa laki tatu" inahesabika. "Ukoo mzima unaniona mzigo" haihesabiki. Ya kwanza inataka mpango: uongee na nani, uanze na kiasi gani, lini. Ya pili ndiyo inayohusu mwongozo huu. Kwa watu wengi mambo haya mawili yamesokotana, na kazi ya siku ya kwanza ni kuyatenganisha tu kwenye karatasi.

Usiidharau kazi hiyo. Mjini Harare, Zimbabwe, daktari wa magonjwa ya akili Dixon Chibanda alianza mwaka 2006 kuwafundisha kina bibi wa mtaa wa Mbare kukaa kwenye benchi nje ya kliniki na watu waliolemewa na mawazo. Mradi wenyewe unaitwa Friendship Bench, na umeshafika Malawi na Zanzibar. Bibi anasikiliza, wanaorodhesha matatizo yote, mgeni anachagua moja, wanatafuta hatua moja inayowezekana, kisha anakwenda kuijaribu na kurudi kueleza imekuwaje. Utafiti uliofanywa katika kliniki 24 za jiji hilo kwa watu 573 ulichapishwa mwaka 2016. Baada ya miezi sita, kati ya waliokaa na kina bibi takriban 14 katika kila 100 ndio waliokuwa bado na dalili za sonona, yaani ugonjwa wa kushuka moyo. Kwa waliopata huduma ya kawaida walikuwa takriban 50 katika kila 100. Na hao kina bibi hawakuanza na somo la kufikiri chanya. Walianza kwa kumsaidia mtu kutaja shida zake moja moja.

Kifaa: daftari

Simu inafaa, ila daftari ni bora kwa sababu halikuletei ujumbe katikati ya kuandika. Kila mawazo yanapokuvuruga, andika mambo manne: kilichotokea, wazo lililopita kichwani, mwili ulihisi nini, na ulifanya nini baada ya hapo.

Wazo liandike kwa maneno yale yale yaliyopita, hata kama yalipita kwa Kisukuma, kwa lugha ya kijiweni au kwa tusi. Ukiyasafisha unaharibu kipimo. "Nilihisi kutojiamini" ni sentensi ya kumwandikia bosi, kichwani kilichopita ni "mjinga wewe, tena mbele za watu."

Msingi wa zoezi hili uliwekwa na Aaron Beck, daktari wa Philadelphia nchini Marekani, katika miaka ya 1960. Aligundua kwamba chini ya yale wagonjwa wake waliyokuwa wakimsimulia kulikuwa na mawazo mengine mafupi, ya haraka, waliyozoea kuyaamini bila kuyachunguza, na ndiyo yaliyokuwa yakiwabadilisha hali. Akaanza kuwafundisha kuyakamata na kuyapima moja moja. Mpaka leo tiba ya mazungumzo inayotumika sana hospitalini imejengwa juu ya kazi hiyo.

Andika kwa siku kadhaa bila kurekebisha chochote. Utashangaa kuona kwamba mawazo yako mabaya si mengi. Ni matatu au manne yanayobadilisha nguo.

Dalili: amesoma ujumbe, hajajibu, na wewe umeshajua kwa nini

Tiki mbili za buluu zimeonekana tangu saa nne asubuhi. Kufikia mchana umeshahitimisha kwamba amekuchoka, amesikia maneno kwa watu, au ni yale ya juzi. Ukimwona kazini unanuna, naye anashangaa umepatwa na nini.

Chanzo ni pengo la habari. Akili haivumilii pengo, na hulijaza kwa kile unachokiogopa zaidi. Aliyewahi kuachwa hulijaza kwa kuachwa. Aliyewahi kusengenywa hulijaza kwa umbea. Kwa hiyo jibu ulilolipata linaeleza hofu yako kuliko linavyomweleza yeye.

Na ukishalipata unafanya nini? Kwa kawaida unafungua tena kuona mara ya mwisho alikuwa hewani saa ngapi, unamuuliza shoga yako "unadhani amekasirika?", au unamnyamazia na wewe. Kila kimoja kati ya hivyo kinaongeza uzito wa hitimisho lako bila kuongeza habari hata moja.

Chukua daftari uandike sababu tatu zilizowahi kukufanya wewe uchelewe kumjibu mtu unayempenda. Bando lilikwisha. Uliusoma ukiwa umesimama kwenye daladala ukasema utajibu ukitulia. Ulitaka kujibu vizuri, ukasubiri, ukasahau. Kisha andika unachotabiri kitatokea ukimuuliza, na umuulize mara moja tu, kwa maneno yasiyo na mashtaka: "Nimeona kimya, uko salama?" Weka simu mbali. Jibu likija, liandike chini ya utabiri wako. Ukishakuwa na ukurasa mzima wa utabiri na majibu yake, utakuwa na ushahidi wako mwenyewe, ambao hakuna ushauri wa mtu unaoweza kuushinda.

Wakati mwingine utakuta amekasirika kweli. Ni sawa. Sasa una tatizo linaloonekana, na tatizo linaloonekana huzungumzwa likaisha.

Kwa mtu mkubwa kwako njia ni tofauti. Huwezi kumwendea mama mkwe na "mbona umeninyamazia?" Nenda kamsalimie. "Shikamoo mama, nimepita kukujulia hali." Keti, msaidie kuchambua mchele, mwangalie anavyokupokea. Nusu saa jikoni kwake itakupa habari kuliko wiki nzima ya kukisia.

Dalili: kosa moja linafuta kila kitu

Chukua mfano wa fundi cherehani, msichana mwenye miaka kama mitano kwenye kazi. Mteja anarudisha gauni la shughuli: kiuno kinabana, zipu haipandi. Mteja hakufoka, alisema tu arekebishiwe kabla ya Jumamosi. Lakini kufikia jioni fundi ameshakataa oda mbili za vitenge na anafikiria kuuza cherehani. Daftarini ameandika: "Gauni limerudi. Mimi si fundi. Mikono inatetemeka. Nimewaambia wateja nina kazi nyingi."

Mama anayeshonea kwenye cherehani ya pili anamwambia, "Mwanangu, lete hilo gauni tulione." Wanaligeuza ndani nje. Kiuno kwenye kitabu cha vipimo ni inchi 30, na amekata sawasawa. Shida iko pembeni: kitambaa kilikuwa kidogo, akaacha nusu inchi tu ya mshono badala ya inchi nzima, na mkunjo wa zipu ukala nafasi iliyobaki. Wanafumua, wanaongeza kipande chembamba chini ya kwapa pande zote mbili, gauni linapita.

Tazama kilichobadilika. "Mimi si fundi" ni hukumu juu ya mtu, na hukumu haina pa kushikwa. "Niliacha nusu inchi kwa sababu kitambaa kilikuwa kidogo" ni maelezo ya kitendo. Yana mahali, yana sababu, na yana dawa: kitambaa kikiwa kidogo, mwambie mteja aongeze. Hakujipa moyo wala hakujisifu. Aligeuza nguo akatafuta mshono.

Hivyo ndivyo utakavyofanya na sentensi zako zote zinazoanza na "mimi ni" au "mimi si". Ziandike upya zianze na "nilifanya" au "sikufanya", na uendelee mpaka ufike kwenye jambo dogo kiasi kwamba mwenzako wa kazi angeweza kukuonyesha kwa kidole. Mwalimu asiseme "sifai kufundisha", aseme "niliingia kipindi cha pili bila kuandaa mifano." Mzazi asiseme "mimi ni mama mbaya"; aseme "jana nilimfokea mtoto nikiwa na njaa na uchovu."

Halafu angalia ulichokifanya baada ya wazo. Fundi alikataa oda. Hapo ndipo palipokuwa na hatari ya kweli, maana baada ya miezi mitatu ya kukataa oda angeishiwa wateja, na "mimi si fundi" ingepata ushahidi. Kwa hiyo marekebisho hayajakamilika mpaka amepokea oda inayofuata, hata kama mikono bado inatetemeka.

Dalili: saa nane usiku kichwa hakizimi

Hapa nitakaa zaidi, kwa sababu ndiyo dalili ninayoulizwa sana na ndiyo inayotibiwa vibaya kuliko zote.

Anza kwa kutambua ni kipi kati ya viwili. Kuna wasiwasi, unaotazama mbele: "itakuwaje kama mtoto akifeli, kama nikiugua, kama wakipunguza watu kazini?" Na kuna kucheua yaliyopita: "kwa nini nilisema vile, kwa nini mimi tu, ningejua nisingeolewa kule." Vyote viwili humdanganya mtu kwamba anatatua jambo. Mwenye wasiwasi anaamini kwamba akiacha kuwaza atashtukizwa. Anayecheua anaamini kwamba akizunguka mara moja zaidi ataelewa. Imani hizo mbili ndizo chanzo. Zitaje kwenye daftari, kisha jiulize: baada ya usiku wote huo, kuna uamuzi gani mmoja uliofikia saa nane usiku ambao asubuhi uliutekeleza?

Kosa la kawaida ni kujilazimisha kutowaza. Mwaka 1987 mwanasaikolojia Daniel Wegner aliwaambia wanafunzi huko Texas wasiwaze kuhusu dubu mweupe, na wapige kengele kila wakimuwaza. Kengele ziliendelea kulia, na baadaye waliporuhusiwa kumuwaza, dubu aliwajia kwa wingi kuliko waliokuwa hawajakatazwa. Kwa hiyo ukilala ukijiambia "usiwaze deni, usiwaze deni", unajikumbusha deni.

Kinachosaidia ni kulipangia wazo miadi. Njia hii ilijaribiwa na Thomas Borkovec na wenzake mwaka 1983, na inaendeshwa hivi. Chagua muda wa nusu saa kila siku, saa ile ile na mahali pale pale, usiwe karibu na kulala wala usiwe kitandani. Saa kumi na moja jioni, kwenye kiti cha barazani, panafaa. Mchana au usiku wasiwasi ukija, andika neno moja tu, "ada", "mama", "kazi", na ujiambie utalishughulikia saa kumi na moja. Muda ukifika, keti na orodha uwaze kwa makusudi, kalamu mkononi. Kwa kila jambo jiulize kama kuna hatua unayoweza kuichukua kesho. Ikiwepo, iandike na saa yake. Isipokuwepo, andika "halina hatua kwa sasa" na upite. Muda ukiisha, inuka, hata kama orodha haijaisha.

Siku za mwanzo utaona ni upuuzi. Endelea. Baada ya muda watu wengi hukuta kwamba nusu ya orodha ya usiku imeshapoa ikifika jioni, na huko kupoa ndiko kunakovunja ile imani kwamba kuwaza usiku kulikuwa kunakulinda.

Kwa yale ya nyuma, miadi peke yake haitoshi. Badilisha swali. "Kwa nini" huzunguka bila mwisho. "Sasa nini" huwa na jibu. "Kwa nini kaka alinidhulumu shamba" unaweza kuliuliza miaka kumi. "Nakala ya hati iko wapi, na nani kati ya wazee aliyekuwepo siku ya kugawana" ni jambo la Jumatatu. Na kama kweli hakuna la kufanya, kwa mfano uliyegombana naye ameshafariki, basi ulichonacho ni huzuni, na huzuni inataka mtu wa kuisikia, nenda kwa mtu aliyemfahamu mkamzungumze.

Nje ya fikra, kagua mambo ya kawaida. Kahawa au kinywaji cha kuongeza nguvu baada ya alasiri, mirungi, simu usoni mpaka dakika ya mwisho, kulala mchana kwa saa nyingi. Pombe humlaza mtu haraka na kumwamsha usiku wa manane akiwa na wasiwasi zaidi. Ukikaa macho kitandani kwa muda mrefu, toka, kaa mahali pengine penye mwanga hafifu, urudi usingizi ukija.

Dalili: moyo unadunda na una hakika unakufa

Uko kwenye foleni ya benki. Moyo unaenda mbio, vidole vinakufa ganzi, pumzi haitoshi. Unawaza "presha imepanda, naanguka sasa hivi."

Kama ni mara ya kwanza, au kifua kinauma kwa kubana na maumivu yanaelekea mkononi au kwenye taya, nenda hospitali na usisome zaidi. Pimwa moyo, presha, sukari na damu.

Ukishapimwa vizuri na ukaambiwa mzima, sasa angalia mzunguko. Mwaka 1986 David Clark, aliyekuwa Oxford, aliueleza hivi: mwili unatoa ishara ya kawaida, mtu anaitafsiri kuwa ni maafa, hofu inaongeza ishara ile ile, na ishara iliyoongezeka inathibitisha tafsiri. Kinachoulisha mzunguko ni kukimbia foleni, kutembea na chupa ya maji kama hirizi, na kupima presha mara tano kwa siku. Ukikimbia unahisi umeponea chupuchupu, na hujui kwamba ungebaki ungekuwa salama vilevile.

Zoezi ni kubaki. Shusha pumzi polepole, ya kutoka iwe ndefu kuliko ya kuingia, na uache moyo udunde mpaka upungue wenyewe. Hupungua. Anza na foleni fupi ya duka la dawa, kisha uende ndefu.

Dalili: kila kinachoharibika, kuna mkono wa mtu

Biashara imeshuka, posa imevunjika, mtoto haachi kuumwa, na jina la mtu limeshakuja kichwani kabla hujakaa chini. Sibishani hapa juu ya kijicho na uchawi. Una imani yako na una viongozi wako wa dini. Ninachokiangalia ni ule mruko: kutoka "jambo limeharibika" hadi "fulani ndiye", bila kupita popote katikati.

Ona jinsi unavyojilisha. Muuza genge anahisi jirani yake wa genge la pili anamfanyia mambo. Anaacha kumsalimia asubuhi. Jirani, aliyezoea "habari za kuamka", anashangaa, siku ya tatu naye anaangalia pembeni. Muuza genge anaona uso uliogeuzwa na kusema, "Si unaona? Hawezi hata kunitazama." Ushahidi ameutengeneza mwenyewe na hajui.

Jiulize maswali mawili. Je, jina lilikuja kabla ya sababu? Na je, kuna kitu chochote jirani anaweza kukifanya ambacho kingekufanya uone hahusiki? Kama akikusalimia ni mnafiki na asipokusalimia ana lake, basi hitimisho lako halipimiki, na jambo lisilopimika halifai kukuongoza pesa wala undugu.

Kisha andika vitu vilivyobadilika tangu mauzo yaliposhuka. Shule imefunga. Nyanya zimepanda bei sokoni ukapunguza fungu. Stendi ya bodaboda imehamishwa. Rekebisha kimoja. Na rudisha salamu, kila asubuhi kwa wiki nzima, bila kusubiri kujibiwa vizuri. Hata kama unaendelea na dua zako, mambo haya mawili hayapingani nazo.

Dalili: nitafanya nikijisikia

Hii ni fupi. Mtu aliyepoa moyo husubiri hamu irudi ndipo aoge, atoke, ampigie rafiki. Kwa aliyeshuka moyo mpangilio huo umegeuka: hamu hufuata kitendo. Panga kitendo kimoja kidogo chenye saa, kwa mfano saa moja asubuhi kufagia uwanja, na ukifanye ukiwa hujisikii. Ukimaliza, andika ulivyojisikia kabla na baada. Kesho ongeza kingine.

Umejaribu na hakuna kilichobadilika

Sababu ya kwanza kuangalia: unafanya kichwani. Mtu anasema "nimeshajaribu kuhoji mawazo yangu," ukimuomba daftari hana. Kichwani wazo lina mbio kuliko hoja. Kwenye karatasi linasimama.

Pili, umebadilisha sentensi lakini hujabadilisha kitendo. Unajiambia "si lazima wanichukie" na bado huendi kwenye vikao vya ukoo.

Tatu, watu wa nyumbani wanakusaidia kupita kiasi. Mume akiulizwa "una hakika hujanikasirikia?" mara kumi kwa siku na akajibu mara kumi kwa upendo, anauweka wasiwasi hai. Kubalianeni: atajibu mara moja, na ya pili atasema, "Mke wangu, tumeshaliongea hili, njoo tukae." Aseme kwa upole, na akae kweli.

Nne, muda. Zile siku 21 zinazotajwa mitandaoni usizitegemee. Utafiti wa London uliochapishwa mwaka 2010, uliofuatilia watu 96 wakijijengea tabia ndogo kama kunywa maji au kutembea, ulikuta muda wa kati ni siku 66, na tofauti kati ya mtu na mtu ilikuwa kubwa, kuanzia 18 hadi zaidi ya 250. Na kuruka siku moja hakukuharibu kitu. Tabia za fikra ni ngumu kuliko kunywa maji.

Tano, huenda ni ugonjwa wenye tiba yake. Mtu anayerudia udhu au kurudia sala kwa saa nzima kwa hofu kwamba haikukubaliwa, au anayerudi kukagua kufuli mara ishirini, daftari la namna hii halitamtosha. Kuna tiba mahususi ya hali hiyo na inafanya kazi. Amwone mtaalamu wa afya ya akili. Upungufu wa damu na matatizo ya tezi ya thairoidi pia humfanya mtu achoke, akose usingizi au ashuke moyo, na vyote hupimwa.

Wakati wa kuacha kujirekebisha mwenyewe

Nenda kituo cha afya kama kwa wiki mbili au zaidi, karibu kila siku, umekuwa na huzuni au umepoteza hamu ya mambo uliyoyapenda, na usingizi, chakula au kazi vimevurugika. Nenda mapema zaidi kama umejifungua karibuni, kama unakunywa ili uweze kulala, au kama unasikia sauti ambazo wengine hawazisikii. Ukifika usiseme tu "kichwa kinauma" au "mwili hauna nguvu", maana utapewa dawa ya maumivu na kurudishwa nyumbani. Sema: "Daktari, nina mawazo yasiyoniacha, silali, na ni wiki tatu sasa." Nenda na daftari. Kama zahanati haina mtaalamu, omba barua ya rufaa ya hospitali ya wilaya au ya mkoa.

Kama ni mawazo ya kujiua, ni leo, si kesho. Mwambie mtu mmoja kwa maneno ya wazi, "nafikiria kujiua," na muende pamoja hospitali iliyo karibu, idara ya dharura, hata usiku. Kama wewe ndiye uliyeambiwa, usimhubirie na usimuite dhaifu wa imani. Muulize moja kwa moja kama ana mpango na kama ana kitu cha kutumia. Kuuliza hakumpi wazo ambalo hakuwa nalo, kunampa nafasi ya kusema. Usimwache peke yake hata kwa dakika za kwenda dukani. Sumu ya panya, dawa za shambani, vidonge na kamba vitoe ndani ya nyumba, vipeleke kwa jirani, na umsindikize mpaka amekabidhiwa kwa mhudumu anayejua sababu ya nyinyi kuja.